Caesar Alijenga Daraja kwa Maada?

Ndugu zangu, wanafunzi wa falsafa mliojazana huko nyuma, wafasiri mliowahi viti vya mbele kama kawaida yenu, walimu wangu mlioniheshimu kwa kuja: asanteni, na karibuni. Nimeambiwa nina dakika arobaini. Mwenyekiti ana saa, mimi nina meza. Tuone nani atamchosha mwenzake.

Naomba nianze na meza yenyewe. Nimeigonga, mmeisikia. Ni ya mninga. Hapa juu fundi amepiga randa, akapitisha msasa, akapaka vanishi hadi taa inajitazama. Lakini nilipofika mapema nikaingiza mkono huku chini, na huku chini, ambako hakuna mgeni rasmi anayeinama kuangalia, ameiacha mbao kama ilivyotoka kwenye msumeno. Nimepata kibanzi kwenye kidole. Juu ni meza, chini bado ni mbao, na kitu ni kimoja. Nitakayosema leo yote yako kati ya huku juu na huku chini.

Neno lenyewe, meza, tulilipata kwa Wareno, waliosema mesa, nao walilirithi kutoka Kilatini: mensa. Na mensa ndilo jina ambalo vizazi kwa vizazi vya wanafunzi wa Kilatini vimekaririshwa mwanzo kabisa: mensa, mensam, mensae. Nami nilikaririshwa, seminarini, kwa mwalimu mmoja ambaye simtaji. Kalamu yake nyekundu ndiyo iliyonileta hapa leo. Katika mtihani alitupa kipande cha Caesar, pale anaposimulia jinsi jeshi lake lilivyolitandikia daraja mto Rhine mwaka 55 KK. Caesar anajisifu kwamba kazi yote ilikwisha katika siku kumi tangu materia ilipoanza kuletwa. Mimi, kijana mwenye haraka, nilikuwa nimeshasikia wakubwa zetu wa falsafa wakisema materia ni maada, yaani kile ambacho vitu vyote vimefanyizwa kwacho. Nikaandika: "Siku kumi tangu maada ilipoanza kuletwa." Karatasi ikarudi na mstari mwekundu na swali: "Caesar alijenga daraja kwa maada?" Kisha akalisoma kwa sauti mbele ya darasa. Jina la Maada nilitembea nalo hadi kidato cha nne.

Alikuwa na haki. Pale materia ni mbao, magogo, boriti. Kinachoniudhi hadi leo ni kwamba alicheka akaishia hapo. Hakutuambia kwamba miaka ileile ambayo askari wa Caesar walikuwa wanaburura materia kwenye matope ya Rhine, mtu mwingine huko Italia alikuwa amelichukua neno hilohilo, katika umbo lake la pili, materies, akaliweka chini ya jua, bahari, nyama na roho. Mtu huyo ni Lucretius, malenga wa Roma, na nitamfikia. Kwanza tumalizane na kuni.

Mwanasheria Ulpian, wa karne ya 3, aliwahi kukabili swali la wosia. Marehemu ameandika kwamba fulani apewe lignum yake yote. Je, apewe na boriti zilizopangwa nyuma ya nyumba? Jibu la Ulpian limehifadhiwa katika Digesta, ule mkusanyo wa sheria uliotolewa chini ya Kaisari Justinian mwaka 533. Anasema lignum ni jina la jumla, ila watu huligawa: materia ni ile inayohitajika kwa kujengea na kushikizia, na lignum ni chochote kilichoandaliwa ili kichomwe. Sisi hatukuhitaji mwanasheria kutuambia hivyo. Kuni ni kuni, mbao ni mbao, na sijaona mtoto aliyetumwa kuni akarudi na boriti.

Lakini utazameni mgawanyo huo vizuri. Gogo ni lilelile. Kuni zinangoja kwisha, mbao inangoja kuwa. Mrumi akisema materia tayari kuna fundi karibu, hata kama hajafika. Kuna nyumba, au daraja, au kitanda ambacho hakijaonekana. Wataalamu wengi wa asili ya maneno hulihusisha neno hilo na mater, mama: shina mama ambalo machipukizi hutoka kwake. Iwe hivyo au vinginevyo, falsafa ilikuwa imeshakaa ndani ya neno kabla mwanafalsafa yeyote wa Roma hajaligusa.

Wagiriki waliwatangulia kwa njia hiyohiyo. Neno lao ni hyle, na maana yake ya kila siku ni msitu, miti, magogo. Aristotle ndiye aliyelipandisha cheo. Akitaka kueleza kitu kinachobaki chini wakati umbo linapobadilika, hutaja shaba na sanamu, mti na kitanda. Na anatusimulia hoja moja ya Antiphon, Mgiriki aliyemtangulia, ambayo naipenda kuliko hoja nyingi zilizokuja baadaye: kizike kitanda ardhini, kama uozo wake ungepata nguvu ya kuchipua, kingetoa mti, kisingetoa kitanda. Kwa Antiphon hilo lilionyesha kwamba mti ndio uhalisia, kitanda ni desturi tu ya mafundi. Aristotle hakukubali yaishie hapo, lakini hakuweza kukiondoa kitanda kile akilini. Nami siwezi. Kila nikipita Keko nikaona vitanda vimepangwa kando ya barabara nawaza mvua ya masika ikinyesha na miguu yake ikianza kutoa majani.

Sasa sarufi. Aristotle aligundua jambo ambalo kila mtoto wa Kiswahili analijua bila kufundishwa. Alisema: sanamu iliyotokana na jiwe hatuiiti jiwe, tunaiita ya jiwe. Kitanda hatukiiti mti, tunakiita cha mti. Wagiriki walifanya hivyo kwa kubadilisha mwisho wa neno, na Aristotle alikwenda mbali hadi akaunda neno lake mwenyewe kutoka "kile", kana kwamba anasema "cha-kile", ili aonyeshe kwamba maada haijitokezi kamwe kwa jina lake tupu. Warumi nao: lectus ligneus, kitanda cha mti, mensa lignea, meza ya mti. Mnaona? Ligneus, lignea. Kivumishi kinachotaja maada kimegeuka ili kifanane na kitu.

Kwetu kazi yote hiyo inafanywa na ka-irabu kamoja, a. Kitanda cha mti, meza ya mti, mlango wa mti, madirisha ya mti. Mti ni uleule mara nne, haujafumbua mdomo. Aliyeamua cha, ya, wa ni kitanda, ni meza, ni mlango. Maada imevaa sare ya umbo. Ukinihoji mimi, sura nzima za Aristotle kuhusu umbo linavyotawala maada zinaweza kufundishwa asubuhi moja kwa kutumia a-unganifu, na wanafunzi wakaenda kula mapema.

Niseme pia, kwa kupita, kwamba Warumi hawakukubaliana wote juu ya mbao. Calcidius, aliyefasiri sehemu ya Timaeus ya Plato katika karne ya 4, alilitafsiri hyle kwa silva, yaani msitu, na wasomi wa zama za kati waliomsoma wakarithi dunia iliyoanza kama pori. Mfasiri mmoja anachagua mbao, mwingine anachagua msitu, na waliokuja baada yao wanaota ndoto tofauti.

Turudi kwa Lucretius. Tunajua machache juu ya maisha yake. Tunalo shairi, De Rerum Natura, vitabu sita, zaidi ya beti elfu saba kwa hesabu yao ya mstari mmoja mmoja, na barua ya Cicero, msemaji na mwandishi mashuhuri wa Roma, kwa nduguye Quintus ya Februari 54 KK inayoyataja mashairi hayo kwa sifa. Kazi aliyojipa ilikuwa ngumu: kuieleza kwa Kilatini, tena kwa mizani, falsafa ya Mgiriki Epicurus, isemayo kwamba vyote vimetokana na chembe zisizogawanyika zinazosafiri katika utupu. Wagiriki waliziita atomi. Lucretius halitumii neno hilo hata mara moja. Lilikuwepo, Cicero analitumia bila haya. Lucretius analikataa na badala yake anatutangazia mapema, kitabu cha kwanza, majina atakayotumia: materies, miili ya kuzalia, mbegu za vitu, miili ya kwanza. Mahali pengine primordia, mianzo. Ni maneno ya shamba, ya nyumba, ya kizazi. Analalamika, ndiyo, juu ya umaskini wa lugha ya baba zake, lakini huku analalamika anaingia stoo na kutoka na neno.

Na hapa ndipo mizani ilipomwingiza matatani. Malenga wetu wanahesabu mizani kwa idadi: nane kwa nane, basi. Mizani ya Kilatini ilipima urefu wa silabi, na katika bahari, yaani mpangilio wa mizani, aliyoichagua Lucretius, silabi ndefu ikifuatwa na fupi kisha ndefu tena, neno haliingii hata ulisukume kwa bega. Primordia linaingia vizuri. Lakini akitaka kusema "ya mianzo", sarufi inamdai primordiorum, na hilo lina ndefu-fupi-ndefu katikati. Haliingii. Afanyeje? Anachukua neno jirani, principia, na kila anapohitaji "ya" anasema principiorum. Ukimsoma kwa pupa unaweza kudhani kuna aina mbili za chembe, mianzo na vianzo, ukaandika makala nzima juu ya tofauti zake. Tofauti ni ya mizani.

Materies yenyewe aliishona kwa vitambaa viwili. Kilatini kilikuwa na materia ya kundi moja la majina na materies ya kundi jingine, kama mtu mwenye suruali ya suti hii na koti la suti ile. Kama kiima, Lucretius anasema materies, maana materia ina silabi fupi tatu mfululizo na inamsumbua. Kwa "ya maada" anarudi kundi la kwanza, na hapo anachimbua mwisho wa kizee ambao watu wa zama zake hawakuwa wakiusema tena: materiai, umerefushwa, mzito, mzuri kufungia mstari. Malenga wa Lamu au Tanga angetabasamu. Mazida hayo! Sisi tunayo mazida ya kurefusha neno, inkisari ya kulifupisha na tabdila ya kulibadili. Lucretius alikuwa nazo zote bila majina yake.

Halafu ule mchezo wake wa herufi. Neno elementa katika Kilatini lilikuwa na maana mbili: asili za vitu, na herufi za alfabeti. Lucretius akaukamia ukweli huo. Anasema: tazama mistari yangu hii, herufi ni chache na zinarudiarudia, lakini maneno ni tofauti kwa maana na kwa mlio. Ndivyo zilivyo chembe. Kisha anatoa mfano wa ignis, moto, na lignum, ukuni. Watu wanaona mti unawaka wanadhani moto ulijificha ndani ya mti ukiwa tayari moto. La, asema, zimo chembe ambazo zikipangwa upya zinatoa moto, kama herufi za ign zilivyo ndani ya lignum bila lignum kuwa moto.

Nimekesha nikiutafutia ubeti huo Kiswahili. Ukisema moto na ukuni, mchezo umekufa. Lakini Kiswahili hakikuniacha mikono mitupu. Moto: punguza o moja, una mto. Kinachounguza kimekuwa kinachozima, kwa kutolewa herufi moja. Na majivu: ndani ya majivu mna maji! Sijui kama Lucretius angekubali nimbadilishie mfano, lakini nina hakika angependa lugha ambayo maji yanalala ndani ya majivu.

Sasa naingia mahali ambapo, kama kuna la kuchukua leo, nitafurahi mlichukue hapa.

Warumi waliliita badiliko la jina kwa neno casus, kuanguka, wakifuata Wagiriki. Mensa limesimama wima. Mensam, mensae, yameanguka kwa namna mbalimbali. Na tendo zima la neno kubadilika kutoka umbo lake la kwanza waliliita declinatio, kukengeuka, kupinda. Varro, msomi mkubwa wa sarufi, aliyeishi kuanzia 116 hadi 27 KK, aliandika vitabu 25 juu ya lugha ya Kilatini, na kati ya sita vilivyotufikia vitatu vinashughulika na declinatio.

Rudini kwa Lucretius. Katika kitabu cha pili anasema chembe zinaanguka chini katika utupu, sawasawa, kama matone ya mvua. Zingebaki hivyo, hakuna ambayo ingegusana na mwenzake, na maumbile yasingeumba kitu. Kwa hiyo, wakati usiojulikana na mahali pasipojulikana, chembe hupinda kidogo, kidogo kabisa, kiasi cha kuweza tu kusema imepinda. Na kitenzi anachotumia ni declinare. Cicero akilijadili jambo hilohilo analiita declinatio.

Neno huanguka na kupinda. Chembe huanguka na kupinda. Mensa ikawa mensam: imeongezeka m tu, pumzi ya midomo kufungwa, kiasi cha kuweza tu kusema imebadilika, lakini pasipo ile m hatujui nani amempiga nani. Maneno yangeshuka mstarini kila moja peke yake, yasigusane, na sentensi isizaliwe.

Mtaniambia: Mzee Maada, hayo umeyaunganisha wewe. Nusu ni kweli. Lakini nusu nyingine aliiunganisha Varro mwenyewe. Anasema vitenzi vya asili vikiwa kama elfu moja hivi, basi kwa kukengeuka kwao vinaweza kutoa maumbo laki tano. Kisha anamtetea mwanasarufi kwa kutaja Democritus na Epicurus, wanafalsafa wa atomi, kwa majina. Hao, anasema, hawatuambii asili za vitu zimetoka wapi, wanatuambia tu ni za namna gani, na bado wametufanyia jambo kubwa kwa kutuonyesha vinavyojengwa kwazo. Basi mwanasarufi naye akiomba apewe maneno elfu bila kuulizwa yametoka wapi, na akaweza kueleza yaliyosalia yote, mwacheni afanye kazi.

Hapo sarufi na fizikia zimekaa benchi moja. Na sisi tunaosema piga, pigia, pigwa, pigana, pigisha, pigiana, pigishana, hatuhitaji kupigiwa hesabu ya laki tano ili tuamini. Sikilizeni pia tunavyoita sehemu hizo tukiwa darasani: mzizi wa neno, shina la neno. Tumeingia tena msituni. Mwalimu anaandika ubaoni (ubaoni!) shina la kitenzi, na hakuna anayenusa mti.

Cicero nitampitia haraka, ingawa wapenzi wake watanikasirikia. Yeye alikuwa na majivuno ya lugha yake: aliandika kwamba Kilatini si maskini, tena ni tajiri kuliko Kigiriki. Mwaka 45 KK, katika Academica, alimpa Varro, huyohuyo wa sarufi, kazi ya kueleza maada. Varro anasema kwamba chini ya vitu vyote kuna materia isiyo na umbo lolote na isiyo na qualitas yoyote, na vyote vimefanyizwa kutokana nayo. Hilo neno qualitas lilikuwa bado bichi. Cicero alilitengeneza kwa qualis, "wa namna gani", akalitia mkia, akafuata nyayo za Plato ambaye aliwahi kutengeneza neno kama hilo kwa Kigiriki huku akiomba radhi kwamba huenda likasikika geni. Ni kama mimi nichukue "vipi" nilitie u- niwaambie: maada ya Cicero haina uvipi. Mmecheka. Walicheka hivyo Roma pia, naamini. Na leo neno hilo limo katika lugha nusu ya Ulaya na hakuna anayecheka.

Lakini nitasema ninavyoona. Maada isiyo na uvipi wowote ni mbao ambayo haijawahi kuwa mti, haina mistari, haina fundo, haitoi kibanzi. Inaweza kuwa kweli. Ila kuanzia hapo neno linaanza kupoteza vumbi la msumeno. Lucretius alitaka uone. Ukitaka kuamini kwamba vitu hupungua kwa chembe zisizoonekana, anakuonyesha pete inayokonda upande wa ndani kwa kuvaliwa miaka, nguo zilizoanikwa ufukoni zinavyolowana na jua linavyozikausha, mkono wa sanamu ya shaba mlangoni mwa mji uliolika kwa kuguswa na wapita njia. Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa habari ya nguo na unyevu wa bahari.

Seneca, mwanafalsafa wa Kistoa, ndiye wa mwisho, na ndiye anayenirudisha kwenye meza. Zaidi ya miaka mia moja baada ya Lucretius, anamwandikia rafiki yake Lucilius barua akianza kwa kusema kwamba jana aligawana siku na ugonjwa: asubuhi ilikuwa ya ugonjwa, mchana ukawa wake. Wakaja marafiki, na mazungumzo yakawa juu ya causa na materia. Wastoa, anasema, wanatambua mambo mawili tu: sababu, na maada inayolala tu bila kutenda, tayari kwa lolote, na itaendelea kulala kama hakuna wa kuisukuma. Wapo wanaosema jinsia ya neno ndiyo iliyowafanya wanaume hao waione maada kama mwanamke aliyelala. Huenda. Lakini causa nayo ni ya kike katika sarufi yao, na ndiyo inayofanya kazi yote.

Kisha Seneca anaorodhesha sababu tano anazomhesabia Plato, na orodha yenyewe ni vihusishi vitupu: id ex quo, id a quo, id in quo, id ad quod, id propter quod. Kile kitokacho kwacho, kile kifanyacho, kile ambamo, kile kitazamwacho, kile kinachokusudiwa. Katika sanamu: shaba, mchongaji, umbo, kielelezo, lengo. Falsafa nzima ya kuumbwa kwa vitu imeandikwa kwa ex, a, in, ad, propter. Seneca mwenyewe hakuridhika; anaiita orodha hiyo msongamano wa sababu, inayotaja ama nyingi mno ama chache mno, na anataka sababu moja ya kwanza, akili itendayo. Mimi naipenda orodha kuliko jawabu lake.

Tuijaribu. Meza hii imetengenezwa na fundi. Meza hii imetengenezwa kwa mninga. Imetengenezwa kwa randa na patasi. "Na" ni ya mtendaji, "kwa" ni ya mninga, lakini "kwa" ileile ni ya randa! Kiswahili kimeweka maada na zana kapu moja, kikamtenga fundi. Kilatini kilipanga kwa namna nyingine: fundi alipewa a, maada ikapewa ex, zana haikupewa kitu, ila wote watatu wakawekwa katika uangukaji mmoja, ule ambao Wagiriki hawakuwa nao na Varro akauita wa sita, wa Kilatini wenyewe. Kwa hiyo Mrumi akiuliza meza imetoka wapi, sarufi yake inawakusanya fundi, mbao na patasi upande mmoja wa chumba. Kiswahili kinamwacha fundi asimame peke yake. Sisemi nani yuko sahihi. Nasema wafasiri wanaoandika "imetengenezwa kutokea kwenye mbao" wamesahau kwamba lugha yao ilikuwa imeshalifikiria jambo hilo kabla yao.

Katika barua nyingine Seneca anasononeka kwamba Kilatini kinashindwa kutaja lile ambalo Wagiriki waliliita to on. Hana neno, analazimika kuweka kitenzi mahali pa jina: quod est. Masikini Seneca. Angezaliwa Bagamoyo angesema kilichopo, akaendelea na chakula. Tena angechagua: kilichopo, kilichoko, kilichomo. Plato, alipotafuta mahali ambamo vitu vyote huzaliwa, alikuwa anaitafuta -mo.

Mwenyekiti amenionyesha saa. Namalizia kwa aibu yangu.

Neno letu maada limetoka katika Kiarabu, madda, ambalo wasomi wa Kiarabu walilitumia kwa jambo hilihili. Na kutoka hapohapo tumepata mada, jambo linalozungumzwa. Tumelifanya neno moja kuwa mawili kwa kurefusha irabu, mazida tena. Kilatini kilifanya vivyo hivyo bila kurefusha: materia ikawa pia mada ya hotuba, na malenga Horace anawaonya waandishi wachague materia inayolingana na nguvu zao. Onyo hilo nilipaswa kulisoma kabla sijakubali kuja.

Kwa sababu nimekuwa nikimfasiri Lucretius, kitabu cha kwanza, kwa penseli. Kila nifikapo kwenye materiai nasimama. Nimeandika "ya maada", nikafuta. Nikasikia kicheko cha darasa. Nimeandika "ya mbao", nikafuta. Haiwezekani jua na roho za watu ziwe za mbao. Nimejaribu "ya shina", nikaiacha usiku mzima, asubuhi nikaifuta nusu. Karatasi pale imekonda, mwanga unapita, kama ile pete yake. Daftari ninalo hapa mezani. Mwenye neno aje aandike, penseli hii hapa.